Thelathini na Moja, Thelathini na Mbili

Saa tano usiku, Vwawa, mwezi wa saba.
Baridi imeingia ofisini bila hodi
ikakalia kiti cha mhasibu.
Nimevaa koti juu ya koti.
Mbele yangu dirisha jeusi, kishale kinapepesa,
na ripoti ya mizani ya ushirika inateremka
mstari, mstari, mstari,
yote rangi ile ile ya majani makavu.

Mchana Twitike aliniuliza,
"Kosa hilo hulioni?"
"Wapi?"
"Hapo. Jekundu kabisa, linapiga kelele."
Nikatazama. Halikupiga kelele.
Lilikaa kimya kati ya wenzake
kama mwizi aliyevaa sare ya shule.
Kilo mia nne za mzee Nzowa zimepotelea humo siku tatu,
nami kila asubuhi nazipita, nazisalimu, nazipita.

Basi usiku huu nalitafuta faili la mipangilio,
lile ambalo jina lake huanza na nukta
ili wapita njia wasilione.
Nalifungua. Rangi humo hazina majina.
Hakuna kijivu cha majivu ya jikoni,
hakuna zambarau, hakuna chungwa la kumenya.
Kuna namba.
Thelathini na moja ni nyekundu.
Thelathini na mbili ni kijani.
Nacheka peke yangu. Kumbe ni majirani wa ukuta mmoja,
na mashine yenyewe haijawahi kuona hata moja;
inahesabu tu.

Nabadilisha. Kosa liwe manjano, thelathini na tatu.
Nahifadhi. Kimya.
Nahifadhi tena, kwa nguvu, kana kwamba kitufe ni msumari.
Kimya.
Nusu saa inapita ndipo nakumbuka
kwamba dirisha lililo wazi halisomi barua mpya
mpaka ulifunge, kisha ulifungue.
Nalifunga. Nalifungua.
Skrini nzima inatapika:
mabano mraba, tatu, tatu, m,
mabano mraba, sifuri, m,
mpaka chini kabisa,
kwa sababu mahali fulani nimedondosha mkwaju mmoja,
ule unaoegemea nyuma.

Nilikuwa na miaka tisa, shambani kwetu, upande wa Igamba.
Mama alimwaga debe langu juu ya turubai, watu wakiona.
Buni mbivu, mbichi, mbichi, mbivu, mbichi.
"Hayo macho umepewa ya nini?"
Sikujibu. Nilidhani uvivu ni ugonjwa
na mimi ndiye niliyeupata.
Nikajifunza kwa siri:
buni iliyoiva ukiiminya inakubali,
mbichi inakukatalia.
Tangu hapo nikachuma kwa kidole gumba.
Nilikuwa wa mwisho kutoka shambani kila jioni,
lakini debe langu halikumwagwa tena.

Saa saba na robo naurudisha mkwaju mahali pake.
Manjano peke yake hayatoshi.
Naongeza unene wa herufi,
naongeza mstari chini ya kila kosa,
ili jicho lipate pa kuminya.
Naendesha ripoti.
Mzee Nzowa huyo hapo, amenenepa, amepigiwa mstari.
Na chini yake, kurasa mbili mbele,
kilo kumi na saba za Enesi Simkonda,
ambazo hata Twitike, na wekundu wake wote, hakuziona.
Nazirudisha kwa mwenyewe. Nazima taa.

Asubuhi nimemkuta Twitike mezani,
kikombe cha chai kinafuka, uso umekunjamana.
"Nani kavuruga rangi humu?
Nyekundu yangu iko wapi?"
Nikamwambia sijui.
Mimi sijawahi kuiona.